Wazamiaji wa mapangoni: mbona wanakufa mafundi?

Mjaza Mitungi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwanza tuondoe utata. Nikisema mzamiaji humu simaanishi wale wa kudandia meli usiku bandarini wakitegemea kuamkia Ugiriki. Namaanisha mtu anayefunga mtungi mgongoni akashuka chini ya maji. Mimi kazi yangu ni kuijaza hiyo mitungi, mwaka wa tisa sasa, kwenye kibanda cha kompresa nyuma ya duka linalopeleka wageni baharini. Duka silitaji wala ufukwe, ugali wangu uko hapohapo.

Juzi kulikuwa na mgeni mmoja, mzee wa miaka sitini na kitu, amekalia ndoo iliyogeuzwa akisubiri mitungi yake ipoe. Tukapiga stori. Akaniambia zamani alikuwa anaingia mapangoni, yale yaliyojaa maji, lakini ameacha. Nikamuuliza kwa nini. Akaanza kunihesabia kwa vidole marafiki aliowazika. Mkono mmoja haukutosha. Kilichonikaa kichwani ni kwamba hakuna mwanafunzi hata mmoja kati yao. Wote walimu, mafundi hasa. Tangu siku hiyo kila usiku nasoma habari za hawa watu, na nimeona nisiumie peke yangu.

Tuanze na hesabu ya mtungi, bila hiyo mengine hayataeleweka. Mtungi tunaojaza hapa ni wa lita 12, tunaupeleka mpaka baa 200 (baa moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa tunayovuta barazani). Maana yake una lita 2,400 za hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Mtu aliyetulia anatumia kama lita 20 kwa dakika, kwa hiyo akikaa nao barazani anaweza kuvuta saa mbili. Sasa mshushe. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwenye mita 30 mgandamizo ni mara nne, zile saa mbili zimebaki nusu saa. Kwenye mita 270 ni mara ishirini na nane: mtungi uleule unaisha kwa dakika nne na ushee. Ishikeni hiyo 270, tutarudi kwake.

Pili, baharini ukipata shida unaangalia juu, kuna mwanga, unapanda. Pangoni ukiangalia juu kuna jiwe. Njia ni ileile uliyoingilia, hata kama ina kilomita moja. Ndiyo maana wanaingia wakitandaza kamba nyembamba ya nailoni tangu mlangoni. Nao wana uzi wao, na ukiwapotea hakuna mdau wa kuwawekea kiungo.

Tatu, tope. Hili nimelionja. Mwaka wangu wa pili bosi alinishusha kwenye mwamba, kina kama mita 14, kuna tundu chini ya matumbawe ambalo mtu anaingia mpaka kiunoni. Nikachungulia na tochi: kamba-kochi wawili, mchanga mweupe laini kama unga wa muhogo. Nikageuka. Pezi la mguu wa kulia likapiga chini mara moja tu. Nilichokiona baada ya hapo ni maziwa. Tochi ninayo mkononi lakini sikuiona. Nusu ya mwili wangu ilikuwa nje kabisa, bosi ananishika kifundo cha mguu, na bado nilivuta hewa kama mbwa aliyekimbizwa. Tulipopanda, kipimo changu kilikuwa kimeshuka baa 30 kwa tundu la kuchungulia tu.

Naendelea baadaye, kuna mitungi sita inanisubiri.

Fuso la Makambako

Wazungu hawana matatizo ya kutatua. Mtu na mshahara wake anakwenda kujizika mwenyewe kwenye shimo, sisi huku tunakimbizana na ada za watoto.

Nahodha Mstaafu

Makambako acha watu wapate elimu. Mleta uzi, nimeshaweka mkeka na birika la kahawa. Tiririka.

Binti wa Msambweni

Nafuatilia kutoka Kwale. Mjomba wangu alikuwa mzamiaji wa majongoo bahari, nitasema yake baadaye. Endelea kwanza.

Mjaza Mitungi

Nimerudi. Kompresa inanguruma nyuma yangu, mkiona makosa ya herufi nisameheni.

Nianze na mwalimu wa walimu. Sheck Exley, Mmarekani wa Florida, mwalimu wa hesabu. Akiwa na miaka 23 alikuwa ameshaingia mapangoni mara 1,000. Enzi hizo Florida watu walikuwa wanakufa kwenye chemchemi zao kila mwaka, na Exley akafanya jambo ambalo lingefanywa na mwalimu wa hesabu tu: akakusanya taarifa za vifo, akavipitia kimoja kimoja kama anayesahihisha mtihani, akitafuta ni kwenye mstari gani mwanafunzi alikosea. 1979 akatoa kijitabu. Kamba isiyokatika mpaka nje. Theluthi ya hewa ya kuingilia, theluthi ya kutokea, theluthi ya mwisho haiguswi, ni ya mwenzako akikwama. Usizidi kina chako. Taa zisipungue tatu. Mpaka leo shule zote za mapangoni zinafundisha hayo.

Tarehe 6 Aprili 1994 Exley alishuka Zacatón, shimo la maji lililoko Tamaulipas, Mexico, lenye kina cha zaidi ya mita 300. Mwenzake Jim Bowden alikuwa anashuka sambamba naye, kila mtu na kamba yake. Bowden akaona hewa inaisha haraka kuliko hesabu, akageuza akiwa ameshapita mita 280, akapona. Exley hakupanda. Siku tatu baadaye timu ilipovuta kamba yake ili watoe mitungi ya akiba, naye akaja nayo, kamba amejizungushia mkononi. Kipimo chake kilikuwa kimeandika zaidi ya mita 260. Alikuwa na miaka 45.

Tarehe hiyo wengi humu mnaijua kwa jambo lingine. Jioni yake ndege iliyowabeba marais wa Rwanda na Burundi iliangushwa Kigali. Huku kwetu nani angepata nafasi ya kusikia habari za mwalimu wa hesabu.

Fuso la Makambako

Sasa kama aliyeandika kanuni amekufa, kanuni zina kazi gani?

Mjaza Mitungi

Swali zuri, Makambako, kumbe bado upo.

Zile kanuni ziliandikwa kutokana na vifo. Florida kwenye mita 30 au 40 walikufa wengi, kwa hiyo Exley alikuwa na cha kusoma. Kwenye mita 270 hapakuwa na maiti za kutosha za kumfundisha mtu. Yeye ndiye alikuwa somo.

Na zimefanya kazi. Kuna watafiti waliopitia vifo vya mapangoni vya Marekani kuanzia 1985 mpaka 2015. Walipata watu 161. Vifo kwa mwaka vimepungua sana tangu miaka ile ya mwanzo. Lakini sasa angalia mgawanyo: 87 hawakuwa na mafunzo ya mapangoni, 67 walikuwa nayo. Na kadiri miaka ilivyosogea, ndivyo sehemu ya waliosoma ilivyokua kati ya waliokufa. Mgeni siku hizi anakuta bango mlangoni limechorwa fuvu lenye joho na mundu, alama ya kifo, anaogopa, anarudi. Fundi analipita, ameshalizoea kama sisi tulivyozoea kibao cha mbwa mkali.

Wengi wao walikufa kwa kuishiwa hewa, na kabla ya kuishiwa walikuwa wamepotea, na kabla ya kupotea maji yalikuwa yamechafuka. Ni lile tundu langu la kamba-kochi, ila wao hawana wa kuwashika kifundo.

Sasa niwapeleke Afrika Kusini. Hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Northern Cape, bara kabisa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kuna shimo linaitwa Boesmansgat. Liko shambani kwa mtu. Kwa juu unaona kidimbwi tu chini ya majabali, ungedhani ni pa kunyweshea ng'ombe. Ukishuka unapita kwenye mlango mwembamba wa mawe, halafu kuta zinakukimbia pande zote na unabaki unaning'inia kwenye ukumbi wa giza ambao sakafu yake iko mita 270 na zaidi. Kwa wa pwani, karibu pima 150. Simamisha minazi mirefu 13, mmoja juu ya mwingine.

Desemba 1994 kijana wa miaka 20, Deon Dreyer, alikuwa humo kwenye timu ya kusaidia wazamiaji wa kina. Wakati wa kupanda akapoteza fahamu, akazama. Hakupatikana. Wazazi wake wakakaa miaka kumi bila kaburi.

28 Oktoba 2004 akaja Dave Shaw. Mwaustralia, rubani wa ndege za abiria wa Cathay Pacific, makazi yake Hong Kong. Akashuka mpaka sakafuni, mita 270, akamulika huku na huku, na kwenye mwanga wake akamwona kijana amelala chali na vifaa vyake vyote. Akajaribu kumnyanyua, hakunyanyuka. Akamfunga kamba ili apatikane tena, akapanda. Baada ya saa nyingi za kupanda alipotoka majini, yeye na mwenzake Don Shirley wakakubaliana kwamba watamrudia. Wazazi wakaambiwa: mtoto wenu tutamleta.

Hapa nieleze kidogo mashine yake, maana siri iko hapo. Watu wa kina kile hawatumii mtungi wa kuvuta na kutoa mapovu, hesabu ya dakika nne mmeiona. Wanatumia mashine inayozungusha pumzi yako mwenyewe: ukitoa pumzi inapita kwenye chokaa maalumu inayonasa hewa ukaa, inaongezewa oksijeni, unaivuta tena. Hewa yenyewe imechanganywa na heli, kwa sababu naitrojeni kwenye kina inalevya kama gongo. Lakini hata ukiwa na heli, kwenye mita 270 hewa imeshindiliwa mara ishirini na nane, imekuwa nzito. Kuivuta ni kama kunyonya uji kwa mrija. Ukikaa kimya unaweza. Ukianza kufanya kazi ya mikono, mapafu yanashindwa kuisukuma kwa kasi inayotakiwa, hewa ukaa inabaki mwilini. Hewa ukaa ndiyo inayokufanya utamani kuhema. Kwa hiyo unahema zaidi, kuhema kwenyewe ni kazi, kazi inatengeneza hewa ukaa nyingine.

8 Januari 2005, asubuhi. Shaw anashuka kwa dakika kama kumi na moja hivi. Ana mfuko wa maiti alioutengeneza maalumu, na kofia yenye kamera ya video. Mpango: dakika tano sakafuni, amtie kijana kwenye mfuko, akate vifungo vya mitungi, aondoke. Shirley anamfuata nyuma akutane naye kwenye mita 220. Wazamiaji wengine, wakiwemo wa polisi, wamepangwa kwa zamu juu yao.

Walitegemea kukuta mifupa ndani ya suti, imenasa kwenye tope. Haikuwa hivyo. Kwenye maji kama yale nyama inaweza kugeuka kitu kama sabuni, mwili ukabaki mzima. Shaw alipomgusa, Deon akang'oka kwenye tope akaanza kuelea, anageukageuka, hataki kuingia mfukoni. Sasa ilitakiwa mikono miwili.

Na hapa ndipo ilipo ile taa.

Taa za mapangoni zina betri kubwa kiunoni na kichwa cha taa mkononi, katikati kuna waya. Mzamiaji mzoefu akihitaji mikono miwili anatupia ule waya shingoni, taa inaning'inia, anaendelea. Ni mazoea, mkono unafanya wenyewe. Siku hiyo kulikuwa na kamera kwenye kofia, ule mtindo wa shingoni haukuwezekana. Akaiweka taa pembeni. Waya ukanasa kwenye kamba. Na kamba ile ni yeye mwenyewe aliyeifunga Oktoba.

Kamera ilirekodi yote. Waliosikiliza wanasema unamsikia akihema, kila dakika kwa kasi zaidi. Anakatakata kwa mkasi. Muda wa kuondoka ukafika, na aliukumbuka, akageuka aondoke. Hakwenda popote. Ameshikwa. Anavuta, anahema, anavuta. Halafu kimya.

Shirley alikuwa anashuka, akaona taa chini kabisa, haisogei. Akaamua kumfuata. Karibu na mita 250 mgandamizo ukapasua kifaa kinachoongoza mashine yake, ikabidi apime oksijeni kwa mkono. Akageuka. Alijua anamwacha nani. Njiani povu la heli likamwingia kwenye sikio la ndani, dunia ikaanza kuzunguka, akawa anatapika chini ya maji huku ameshikilia kamba, kwa saa nyingi, hawezi kupanda mbio kwa sababu akipanda mbio damu inatoa mapovu kama soda. Saa kumi na mbili na zaidi majini. Alipona, ila mizani ya mwili haikurudi kama zamani.

12 Januari wazamiaji wa polisi walikuwa wanavuta vifaa vilivyobaki. Wakaona kitu karibu na dari, kama mita 20 kutoka juu. Alikuwa Shaw, anaelea. Chini yake, akining'inia kwenye ile kamba iliyonaswa na waya wa taa, alikuwa Deon.

Ule waya uliomzuia ndio uliompandisha kijana. Wazazi wakapata cha kuzika.

Nimechoka. Naendelea kesho.

Nahodha Mstaafu

Dah. Kahawa imepoa.

Fuso la Makambako

Mleta uzi nakuomba radhi, nilianza kwa kejeli.

Mimi niko barabarani mwaka wa 18. Kwenye mteremko wa Kitonga, niliyoyaona mimi, wageni hawaanguki. Mgeni anashuka na gia kubwa ya woga, namba moja, jasho linamtoka, nyuma wanampigia honi hajali. Anayeanguka ni yule anayeijua kila kona kwa jina. Kuna jamaa yangu alikuwa anashuka pale akimenya chungwa. Siku moja akapewa gari si lake, breki ya mkono iko upande mwingine. Mkono wake ulikwenda ulikozoea. Nilipofika kwenye hiyo taa nikamkumbuka yeye.

Mjaza Mitungi

Makambako, umeisema kwa mistari mitano kitu ambacho mimi nimekizunguka siku mbili.

Mchungaji Mtarajiwa

Mimi naomba kuuliza bila kumkwaza mtu. Yule kijana alikuwa amekufa miaka kumi. Kwa nini mtu hai afie maiti? Nafsi ilishaondoka.

Binti wa Msambweni

Mchungaji, wewe hukuwa Likoni 2019. Gari lilirudi nyuma kwenye feri likatumbukia, mama na mtoto wake ndani. Siku kumi na tatu tulisimama pale. Watu walikuwa wanakuja na chakula, wengine wanaswali, wengine wanatukana serikali, lakini hakuna aliyesema tuwaache wamekwisha kufa. Hapana hata mmoja. Wazamiaji wa Afrika Kusini waliletwa. Walipotolewa, watu wazima walilia kama watoto. Kaburi si la maiti.

Mjaza Mitungi

Nakubaliana na dada. Na niongeze la kitaalamu kwa waliokuwa wanawatukana wazamiaji wa jeshi kwamba ni waoga. Gari lile lilikuwa mita 58. Kwa hewa ya kawaida pale umeshalewa naitrojeni, muda wako chini ni dakika chache, halafu unalipa kwa kusimamasimama njiani wakati wa kupanda. Ongeza giza, mkondo wa kivuko, na meli zinazopita juu. Mita 58 watu walikuwa wanaziona ndogo kwa sababu ng'ambo ya pili inaonekana.

Halafu, Mchungaji, si Shaw peke yake. Norwei kuna pango linaitwa Plura. Februari 2014 Wafini watano walikuwa wanapita toka upande mmoja kwenda wa pili, karibu kilomita mbili chini ya maji ya baridi kali, katikati njia inashuka zaidi ya mita 130. Wawili walitangulia, watatu wakafuata baadaye. Wa kundi la kwanza mmoja akanasa sehemu nyembamba akiwa bado kwenye kina kikubwa, akaanza kuhangaika. Mnajua sasa kuhangaika kwenye kina kunafanya nini. Akafa mbele ya mwenzake, na mwili ukaziba njia. Watatu wa nyuma wakaukuta. Mmoja wao naye akafa palepale. Mwingine aligeuza akarudi njia yote ya mwanzo.

Polisi wakawaita mabingwa wa Uingereza watoe miili. Wakaingia, wakaangalia, wakasema ni hatari mno. Pango likafungwa. Mnajua nini kilifuata? Mwezi Machi rafiki zao, wakiwemo walionusurika, walirudi kimyakimya bila kibali wakawatoa wote wawili. Polisi walichunguza, hawakushtakiwa.

Wale Waingereza walioshindwa Plura, wawili kati yao, Rick Stanton na John Volanthen, ndio waliowakuta wale watoto 12 na kocha wao kwenye pango la Tham Luang, Thailand, 2018. Dunia ilisherehekea watoto kutoka hai, ni haki. Lakini kumbukeni pia Saman Kunan, askari mstaafu wa kikosi cha wanamaji, aliyefariki 6 Julai akitoka kupanga mitungi ya hewa njiani. Alikuwa mkakamavu, mkimbiaji, mzamiaji wa jeshi. Mapangoni ni kitu kingine.

Mdadisi Huru

Ina maana hakuna anayenusurika? Kila ukifungua ukurasa ni msiba.

Mjaza Mitungi

Wapo. Mtu ninayempenda kuliko wote kwenye usomaji wangu ni Xisco Gràcia, mwalimu wa jiolojia wa Mallorca, Hispania. Aprili 2017 yeye na mwenzake walikuwa pango la Sa Piqueta, wakapoteza kamba, maji yamechafuka, hewa ya kutoka iliyobaki ni ya mtu mmoja. Walikuwa wamepata ukumbi wenye hewa juu ya maji, kilomita moja toka mlangoni. Wakajadili. Gràcia akabaki, mwenzake akachukua hewa. Alikaa gizani saa 60. Maji ya juu ya lile ziwa yalikuwa matamu, akayanywa. Hewa ikawa inachafuka kwa pumzi zake mwenyewe mpaka ikafika hewa ukaa asilimia 5, kichwa kinagonga, anaona taa ambazo hazipo. Walipomfikia taa za kweli, alidhani ni zilezile.

Kwetu mnalikumbuka la MV Nyerere, 2018, Ukara. Fundi mmoja alitolewa hai siku mbili baada ya kivuko kupinduka, alikuwa kwenye chumba cha injini ambako hewa ilibaki. Na yule mpishi wa Nigeria, Harrison Okene, 2013, saa 60 ndani ya meli iliyozama mita 30. Hao wawili wa mwisho hawakuwa wazamiaji. Walichofanya ni kubaki penye hewa, wakasubiri.

Mdadisi Huru

Na huyo mwalimu aliacha?

Mjaza Mitungi

Alirudi pangoni. Usiniulize kwa nini, na mimi nimemuuliza yule mzee wa ndoo swali hilohilo, akacheka tu.

Binti wa Msambweni

Sasa niseme ya mjomba, niliahidi.

Zamani hizo majongoo bahari yalikuwa na bei, tajiri anakuja na mitungi ya kukodi, vijana wanashuka tangu asubuhi. Hakuna kipimo, hakuna saa. Hewa ikiwa nzito kuvuta ndio unajua imekwisha, unapanda mbio. Siku moja alishuka mara tano. Jioni amekaa anakula, akasema miguu imekufa ganzi. Kufika Isha hawezi kusimama. Wazee wakasema amepigwa na jini la bahari, amekanyaga mahali pa watu. Akafanyiwa kombe, akafukizwa, akakaa miezi. Siku hizi anatembea na gongo. Na alikuwa ndiye bora kuliko wote pale kijijini, wenzake hao waoga wako na miguu yao.

Nimemsomea uzi huu wote jana na leo, maana macho pia yamepungua. Nilipofika pa Shirley akanizuia. Akasema rudia hapo pa damu kutoa mapovu kama soda. Nikarudia. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, angesubiri kiasi gani siku ile, kila akipanda?

Mjaza Mitungi

Dada, mpe shikamoo yangu.

Sijui walikuwa kina gani, lakini kwa wazamiaji wa majongoo ninaowajua huku, tatizo ni mara tano kwa siku na kupanda mbio. Apande taratibu kuliko mapovu yake madogo. Akifika kama mita tano ashike kamba ya nanga, akae. Juu apumzike saa nzima au mbili kabla ya kurudi. Na angekuwa ameshuka mara mbili au tatu tu, si tano. Na siku ile jioni angepewa oksijeni na kukimbizwa kwenye chemba ya mgandamizo, ile ya kutibu mapovu ya damu, huenda miguu ingerudi.

Binti wa Msambweni

Nimemwambia. Amesema nanga walikuwa nayo.

Anauliza, huyo Shirley anatembea bila gongo?

Mjaza Mitungi

Anatembea. Na alirudi kuzamia, anafundisha.

Binti wa Msambweni

Amecheka. Anasema mwambie huyo mzungu anamwelewa, ndani ya maji hata yeye hahitaji gongo. Kila bamvua anateremka pwani, tunamshika mkono mpaka maji ya kifuani, kisha anatufukuza.